Kiganja Kimoja Kushoto

Kwa miaka kumi na miwili Fundi Springi alikuwa daktari wa bunduki ambazo hazijawahi kuua hata nzi. Zilikuwa bunduki za mchezo, za kurusha kwa nguvu ya hewa vipira vidogo vyenye rangi ndani. Dada yake mkubwa ndiye mwenye kiwanja, na watu wa maofisini walikuja kila Jumamosi kupakana rangi na kusahau wiki yao. Yeye alikaa kwenye kibanda cha mabati karibu na geti, meza imejaa springi, ringi za mpira na miswaki iliyochakaa, akizifungua, akizisafisha, akizisema. Kila moja aliipa jina. Aliyoipenda kuliko zote aliiita Kikohozi, kwa sababu ilikohoa kidogo kabla ya kupiga.

Sasa Kikohozi ilikuwa mashakani. Muuzaji mmoja alikuwa ameacha bunduki mpya ya bei nafuu ijaribiwe kwa siku moja, na dada mtu hakuficha: ikiwa nzuri, anaagiza kumi na mbili, na zile kuukuu zote zinaondoka.

"Mimi mambo ya springi siyajui," alimwambia mdogo wake. "Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema hapana, jioni anakuja kuichukua. Ila useme kweli."

"Lini nimekudanganya, dada?"

Dada akamwangalia tu. Walikuwa wamelelewa pamoja, na orodha alikuwa nayo.

Fundi aliifungua ile mpya akitafuta ubaya wake kama mtu anayechambua mchele, akaudhika kwa kuukosa. Ilikuwa nyepesi, plastiki nyingi kuliko chuma, na hilo akalishikia bango. Lakini ilifunguka kwa mkono bila spana, haikuvuja hewa popote, na haikukohoa. "Haina hata sauti," alilalamika. "Utajuaje kama inaumwa?" Kikohozi ilivuja asubuhi za baridi, ilitaka matone mawili ya oili kabla ya kazi, na mgeni akiishika ilimpasulia vipira ndani ya mtutu. Yeye haikuwahi kumfanyia hivyo.

Wakapanga makopo kumi juu ya benchi mbele ya ubao wa uzio, umbali wa hatua ishirini, wakavaa barakoa ngumu za kukinga uso. Fundi akaanza na Kikohozi: makopo tisa chini. Akachukua mpya: mawili. Akarudia, likaanguka moja.

"Basi, yameisha," dada akasema, akivua barakoa. "Nampigia simu aje achukue kitu chake."

Fundi alisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Akaenda kuokota makopo huku akipiga mluzi, na alipoufikia ubao mluzi ukamkatika. Alama za rangi za ile mpya hazikuwa zimetawanyika ovyo. Kila moja ilikaa kushoto kwa mahali pa kopo lake. Akapima kwa mkono: kiganja kimoja, kila mara, sawasawa. Bunduki mbovu haina adabu ya namna hiyo.

Akaelewa, na akatamani asingeelewa. Kikohozi ilianguka sakafuni mwaka wake wa kwanza, mtutu ukapinda kidogo, ikawa inapiga kulia. Tangu hapo mkono wake ulijizoesha kulenga kushoto bila kumwomba ruhusa, naye akasahau kabisa. Bunduki mpya ilikuwa imenyooka. Aliyepinda ni yeye. Na hakuna mwingine aliyeona. Dada alikuwa amempa mgongo, simu sikioni. Kitambaa kimoja kingetosha kuufuta ule ubao, na Kikohozi ingebaki mezani pake.

Tayari alikuwa na kitambaa mkononi alipomkumbuka mkewe. Kila mwisho wa mwaka watu wa kiwanja walicheza wao kwa wao, na kila mwaka alimpa mkewe Kikohozi, kwa mapenzi, kwa kuwa ndiyo bora kuliko zote. Na kila mwaka mkewe hakumpata mtu hata mmoja. Mwisho wakaishia kumpa kazi ya kushika kibendera, naye alicheka pamoja nao na kusema hakuzaliwa na shabaha.

Mkewe alikuwa nyuma ya kibanda, akiosha barakoa kwenye beseni.

"Mama watoto, hebu njoo mara moja."

"Nina povu mikononi."

"Njoo na povu lako."

Akaja akijifuta kwenye aproni. Fundi akasimamisha makopo upya, akampa ile mpya.

"Unapoteza vipira bure," mkewe akasema. "Shabaha yangu unaijua."

"Lenga kopo lenyewe. Usiongeze, usipunguze."

Kopo likaanguka. Mkewe akaitazama bunduki, kisha akamtazama mumewe. Akaangusha la pili, na la tatu. Dada akamwambia mtu wa kwenye simu asubiri kidogo.

"Bunduki haina kosa, dada," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Kikohozi imepinda, na mkono wangu umepinda nayo. Agiza."

"Subirini kwanza," mkewe akasema, akiteremsha mtutu. "Uliyokuwa unanipa mimi kila mwaka ni ipi?"

"Kikohozi."

"Hiyo iliyopinda."

"Nilikuwa nakupa iliyo bora," akasema. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana ilimuuma. "Kwangu mimi hakukuwa na nyingine."

Mkewe alimkazia macho mpaka Fundi akainamisha kichwa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka wifi yake naye akashindwa kujizuia. Alipomaliza, akageuka akayaangusha makopo yote yaliyobaki, moja moja, bila haraka.

Mpya zilipokuja, za zamani zikaondoka, isipokuwa Kikohozi, iliyotundikwa kwenye msumari juu ya meza na kupata matone yake mawili kila Ijumaa. Mwisho wa mwaka timu zikagawanywa. Mkewe alipita kibandani akiwa ameshavaa barakoa, bunduki mpya mkononi, na kumkuta Fundi akinyoosha mkono kuiteremsha Kikohozi.

"Iache ipumzike, baba watoto," akasema.

Akaukunjua mkono wa mumewe na kuweka kibendera kiganjani.