Waliponiomba Msamaha

Kiindonesia nilijifunza langoni mwa kambi, nikiwauzia mandazi askari wa kulinda amani waliotoka huko kuja hapa kwetu Bunia. Maneno ya kwanza yalinikera. Kila asubuhi sajini mmoja mfupi aliniuliza, "Sudah makan?" yaani, umeshakula? Mimi ninayeuza chakula! Nikadhani ananicheka njaa. Baadaye nikajua kwao ndivyo watu wanavyosalimiana, nikaanza kumwahi kumuuliza mimi.

Nilijifunza kwa bidii kwa sababu ya woga, nisijidanganye. Tuliwakimbia waasi kijijini kwetu Fataki na mama yangu, tukapanga chumba hapa mjini, mtaa wa Shari, lakini mama hakuzoea kununua maharage na shamba lake lipo. Magari ya hao askari yalipoanza kulinda barabara ya Fataki, alifunga mzigo akarudi kulima. Tangu hapo nilitega sikio langoni kila siku. Siku watakayoondoka waasi wangerudi, na nilitaka niwe wa kwanza kujua.

Niliwauliza mara nyingi, wakatabasamu tu. Watu hawa hawapendi kukupa habari mbaya usoni. Watakuuliza hali ya mama, watasifu mandazi, na swali lako litabaki pale pale ulipoliweka.

Ila kitu kimoja nilikuwa nakijua. Mpishi wao alipomaliza zamu yake akitaka kurudi kwao, alipita kwa kila mtu, hadi kwa wafagiaji, mkono kifuani: "Mohon maaf." Naomba msamaha. Nilimuuliza kwa utani ni mandazi mangapi aliyoniibia. Sajini akanieleza kwamba kwao mtu anayekwenda mbali haondoki na makosa yake kwa watu, maana huenda msionane tena. Niliipenda sana desturi hiyo.

Juzi asubuhi sajini alikuja na hakuuliza kama nimekula. Aliweka mkono kifuani. "Mohon maaf, Ibu." Ibu ni mama, ndivyo walivyoniita. Nyuma yake walisimama wenzake wote, kila mmoja akingoja zamu yake, wapole kama waumini wanaokwenda kutoa sadaka. Jibu lake la kusamehe nililijua, nikaliacha. "Sudah makan?" nikamwambia, nikamsukumia mandazi, kana kwamba nisipowasamehe hawatapata ruhusa ya kupanda magari. Aliyapokea kwa mkono wa kulia, akaendelea kusimama.

Niliacha meza bila kuifunika, nikampigia mama simu.

"Mama, toka kule leo. Leo hii!"

"Juu ya nini? Nani amekuambia kitu?"

"Hakuna mutu amesema. Basoda ba kulinda amani bameniomba samahani, bote."

Mama alicheka, na nyuma ya kicheko chake nikasikia majembe ya majirani.

"Mutu anakuomba samahani, na weye unaogopa? Acha kwanza nimalize kupanda."