Kiganja cha Chumvi

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Kuanzia walinzi wa getini hadi mafundi wa kushona magodoro, wote walimwita Mama Kiganja, na sababu ilionekana kila asubuhi jikoni mwa kantini. Hakutia chumvi kwa kijiko. Alikunja kiganja cha kulia, akachota kwenye ndoo ya plastiki, akazungusha mkono juu ya sufuria ya maharage kama mtu anayemwaga mbegu. Kisha alichukua upawa, akadondosha mchuzi kwenye kiganja cha kushoto, akaupuliza, akaulamba. Akatulia. Akaongeza, au hakuongeza.

Mpishi wa pili alikuwa mwanamume mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye alipima kila kitu, hata majani ya chai, na wakamwita Kijiko. Wawili hao walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa muda mrefu, hata hakukuwa na jambo ambalo hawajawahi kuligombania na kulimaliza.

"Siku ukistaafu, dada," Kijiko alipenda kusema, "itabidi tukukate huo mkono tubaki nao."

"Basi kateni wa kushoto. Huo ndio wenye akili."

Alikuwa hatanii sana. Kuonja alifundishwa na mama yake, aliyekuwa mpishi wa bweni la wanafunzi. Mama alikuwa akimkalisha juu ya gunia la mchele, anamdondoshea mchuzi kiganjani, anamuuliza, "Haya, kinasema nini?" Mtoto alilamba akajibu: kinataka chumvi, au kimenyamaza, au kinapiga kelele. Mama hakuwahi kumwambia amekosea. Alikwenda tu kwenye sufuria akafanya kama alivyoambiwa.

Kizunguzungu kilimjia asubuhi moja akiwa ameinamia jiko. Alishika ukuta, ukuta ukaenda naye, na Kijiko akamdaka begani kabla hajafika chini. Kwenye zahanati ya kiwanda muuguzi alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akaujaza hewa, akasoma, akaujaza tena. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana. Uzito nao ulikuwa umepanda bila yeye kutambua. Aproni yake ilikuwa na kamba ambazo siku hizi zilikutana kwa shida mgongoni.

Alipewa vidonge na maelekezo. Chumvi ipungue, mafuta yapungue, mboga ziongezeke, matunda yachukue nafasi ya maandazi ya saa nne, na jioni atembee. Msimamizi wa kantini, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita pembeni akamweleza kwamba joto la jiko na presha ya namna ile havipatani. Atasubiri kipimo cha mwisho wa mvua. Kama haijashuka, atamhamishia dirishani, kugawa sahani.

"Dirishani utakaa kwenye kiti," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

Mama Kiganja alishukuru kwa adabu. Alilifahamu dirisha lile. Chakula kinafika pale kikiwa kimeshaamuliwa.

Nyumbani alibadilisha kila kitu kwa siku moja, kwa sababu hakujua kufanya mambo nusunusu. Ndoo ya mafuta akampa jirani. Kopo la chumvi akampa huyohuyo jirani, ambaye alilipokea kwa mashaka akauliza kama kuna msiba. Alipika maharage kwa vitunguu vingi, nyanya, tangawizi na limau. Alichemsha samaki kwa majani ya giligilani. Kilikuwa chakula chenye harufu zote nzuri, lakini kwake kilikuwa kama nyumba isiyo na mlango: anaizunguka, anaiona taa ndani, haingii.

Mumewe, fundi redio mstaafu, aliamua kula naye chakula kilekile. Alimeza tonge la kwanza, akatikisa kichwa taratibu.

"Kitamu."

"Kitamu nini, mzee?"

"Hii... namna kinavyotafunika."

Mama Kiganja alicheka mpaka machozi, na machozi yalipokauka njaa ilikuwa palepale. Haikuwa njaa ya tumbo. Hakutamani nyama wala vya kukaanga. Alitamani chumvi, kama unavyomtamani mtu aliyehama: si wakati wote, ila mahali fulani, kwenye kona fulani ya siku. Aliitamani akimenya yai la kuchemsha. Aliitamani zaidi jioni wanapotembea na mzee kuzunguka mtaa, madirisha ya watu yakiwa wazi, na mvuke wa mapishi yao ukitoka nje. Aliweza kujua kwa pua ni nyumba ipi imetia chumvi mapema na ipi imesubiri, na alipunguza mwendo mbele ya zile zilizosubiri.

"Twende, mama," mzee alimvuta mkono. "Watadhani tunadai."

Alipunguza mwili kidogo. Lakini aliporudi kupimwa, presha ilikuwa imeshuka hatua moja tu, tena ya kusitasita. Muuguzi alimtazama bila kumlaumu.

"Dawa unameza?"

"Kila asubuhi, sista. Muulize mzee."

"Hebu nisimulie siku yako tangu unapoamka. Usiruke kitu."

Akasimulia. Chai bila sukari. Papai. Basi la kwanza. Kazini anachambua maharage, anabandika, anakaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, na hapo, bila kukatisha maneno, mkono wa kulia ulishika upawa usiokuwepo, wa kushoto ukajikunja kikombe, ukapanda mdomoni.

"Hapo umefanya nini?" muuguzi aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo kwenye mkono."

"Ah. Naonja."

"Unaonja mara ngapi?"

"Mpaka kikae sawa." Kisha akaongeza, "Kuonja si kula, sista. Wapishi hatuhesabu hilo. Ukihesabu hilo hakuna mpishi aliyewahi kulala njaa."

Lakini alipokuwa akisema hivyo uso wake ulikuwa umeshabadilika. Alikuwa amekumbuka jinsi anavyoonja siku hizi. Zamani maharage yalimjibu mara moja. Tangu aanze kula bila chumvi nyumbani, alikuwa akiyauliza tena na tena, kisha mchuzi wa nyama, kisha kabichi, kisha anarudi kwenye maharage kuhakikisha. Kijiko alishawahi kumuuliza kama leo yamegoma kuiva. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimekula chakula cha mchana kila siku, peke yake, kabla yake.

"Mwachie mwenzako aonje," muuguzi alisema. "Mpaka mwisho wa mvua. Baada ya hapo tutazungumza."

Kijiko alipoambiwa alivua miwani akaifuta, na hakufanya utani wowote. Wakapanga hivi: yeye Mama Kiganja atapika, Kijiko ataonja. Alipika kwa pua, kwa jicho, kwa kusikiliza sufuria inavyochemka. Chumvi alitia Kijiko, kwa kijiko. Mchuzi ulipokuwa tayari aliuonja huku mwenzake akimkodolea macho.

"Kinasema nini?"

"Kiko sawa, dada."

"Sawa si jibu. Kinasema nini?"

"Kinasema kiko sawa."

Mama Kiganja aligeuka akaendelea kukata kabichi, kisu kikigonga ubao kwa nguvu kuliko kabichi ilivyohitaji.

Aproni ilianza kulegea. Kamba zilipita mgongo zikarudi mbele, akawa anafunga fundo tumboni. Mafundi wa magodoro walimtania kwamba anajiandaa kuolewa upya. Ngazi za kantini hazikumkata pumzi tena. Vyote hivyo alivipokea kama mtu anayepewa chenji: ni haki yake, lakini si kitu alichokuja kununua.

Siku moja alipokuwa akikusanya nguo za kufua, kwenye mfuko wa shati la mzee aligusa kiberiti. Mzee havuti sigara. Alikitikisa, hakikulia kama njiti. Akakifungua. Kilikuwa kimejaa chumvi laini nyeupe hadi pembeni.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kiberiti wazi mapajani. Kwa hiyo ndiyo maana mzee alipenda kumalizia chakula chake barazani, eti kuna upepo. Hakukasirika. Alikisogeza puani, akakumbuka kwamba chumvi haina harufu, akakinusa hivyohivyo kwa muda mrefu. Kidole kilikuwa kimeshalowa mdomoni, kikabaki hewani. Aliliona dirisha la kugawa sahani, na kile kiti. Akakifunga, akakirudisha mfukoni, akalitundika shati.

Shati lile halikufuliwa siku ile. Mzee alilikuta limening'inia peke yake, nguo nyingine zote zikiwa kwenye kamba, akalitazama, akamtazama mkewe, akaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Mvua zilipokatika alirudi kupimwa. Muuguzi alisoma, akapima mkono wa pili, akatabasamu. Vidonge ataendelea navyo na atakuja kupimwa kama kawaida, lakini jiko ni lake. Na kuonja?

"Tone moja, mama. Mara moja kwa kila sufuria."

Alifika kantini kabla ya wote. Alichota kwa kiganja cha kulia, akazungusha mkono juu ya maharage, na hakuhitaji kufikiri. Mkono ulikuwa haujasahau. Kijiko alisimama pembeni, mikono nyuma. Upawa ukainuka. Tone likatua kwenye kiganja cha kushoto, akalipuliza, akalilamba.

Ilikuwa chumvi. Chumvi tupu, kama maji ya bahari yaliyomwingia mtu puani. Nyuma yake maharage yalikuwa yakisema kitu na hayakusikika.

"Nimezidisha," alisema polepole.

Kijiko aliyaonja kwa kijiko chake, akaonja tena. "Hapana. Ni kiganja chako kilekile. Mchana watasema umerudi."

Na ndivyo walivyosema. Sahani zilirudi zimefutwa, na mlinzi mmoja aliingiza kichwa dirishani kusema kwamba leo ndiyo kala. Mama Kiganja aliinua mkono kuitikia. Ladha ile ilikuwa kwenye vinywa vya kiwanda kizima isipokuwa kinywa chake.

"Tupunguze?" Kijiko alimuuliza walipokuwa wakisugua sufuria.

"Tutapunguza. Polepole, wasijue." Alisuuza kiganja chini ya bomba, akakiacha pale mpaka maji yakawa baridi kabisa.

Jioni aliandaa meza kwa wawili. Mzee alipoinuka na sahani yake kuelekea barazani, alimshika mkono.

"Kaa hapa. Toa kiberiti chako."

Mzee alitaka kuuliza kiberiti kipi, akaona haina maana. Akakitoa, akakiweka mezani kama mtu aliyesalimisha silaha.

"Tia. Kidogo tu, nawe una moyo wa kutunza."

Akabana kidogo kati ya vidole viwili, akanyunyiza, akala. Mkewe alikuwa ameacha sahani yake. Alimwinamia, macho kwenye mdomo wake, kama zamani juu ya gunia la mchele, ila sasa yeye ndiye aliyeuliza.

"Haya, niambie. Kinasema nini?"

Mzee alitafuna taratibu kwa ajili yake, akitafuta maneno.