Tumbo la Mwanangu Halikuguswa

Mwanangu alifia kwenye benchi la posto, zahanati yetu, mchana kweupe, vidonge vya malaria vimo mkononi, hata maji ya kumezea hajapewa. Nesi alikuwa palepale mezani kwake. Hakuwa amemgusa.

Tulimfikisha asubuhi, mimi na mumewe, mchuuzi wa mpakani Namoto. Mimba ilikuwa changa. Tumbo lilimkaza upande mmoja, akawa hawezi kunyooka. Nesi, kijana wa kiume, akauliza akiwa kitini: "Homa ipo? Katapika?" Basi. Akaandika dawa za malaria.

Nikamwambia, "Baba, mbonyeze tumbo uone. Mtazame ndani ya kope, pamekuwa peupe."

"Mama, mimi simfunui mke wa mtu."

Mkwe wangu akadakia mlangoni: "Mwenye mke si mimi hapa, kaka? Mfunue!"

Nesi akacheka. "Leo mfunue, kesho mnaniita msikitini. Nawajua nyie."

Hakusema uongo. Wazee wetu wa msikiti walipiga marufuku mwanamume kuwafunua wanawake pale posto, enzi tuna nesi wa kike. Yeye alikulaza, akakutandikia kanga, akasugua viganja vipate joto, ndipo akakubonyeza taratibu huku akikutazama uso, siyo tumbo. Gesi ilipogunduliwa kwetu, kampuni ya kuichimba ikamchukua nesi huyo akawapime vibarua ndani ya uzio wake. Huko kibarua akikohoa tu anavuliwa shati, anasikilizwa kifua. Huku kwetu diretor, mkuu wa afya wa wilaya, akatuletea huyu kijana, na wazee neno lao hawakulitengua.

Yule nesi wa kike alikuja kunipa pole. Akaniuliza kitu kimoja: "Alimshika tumbo?" Nikasema hapana. Akainama. Kwa dalili zile, akasema, mimba ilitunga nje ya kizazi, damu ikawa inavujia ndani. Posto wasingemponya, ila mkono ungejua mapema, na magari ya kampuni yalikuwa yanapita mlangoni kwenda mjini, kwenye hospitali ya kupasua.

Shule sikuikalia, naandika kwa kuvuta herufi. Lakini nawataja: nesi aliyecheka, wazee wa msikiti, diretor, kampuni. Nimewaendea wote. Kila mmoja ananionyesha kwa mwenzake, kama vile mimi ndiye niliyepotea njia.

Nimechoka kuzungushwa. Sasa waje wao. Mmoja wao aketi kibarazani kwangu, mkwe wangu akisikia, anijibu: kwa nini mwanangu hakushikwa tumbo?