Ngazi Iliyozibwa Chini

Ukiingia nyumba ya Swaleha binti Ubeid pale Kipini, usiulize nani aliijenga, maana utapewa majina matano na yote ya kweli. Wa kwanza aliinua kuta za mawe na chokaa, chumba nyuma ya chumba. Aliyemfuata akatoboa mlango wa pili, ili wanawake wasipite barazani mbele ya wageni. Mjukuu akaziba zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, akapachika boriti mahali pake. Hakuna aliyekufa bila kuibomoa kidogo na kuijenga kidogo. Hata Swaleha alitia mkono wake, na huo ndio ninaotaka kuusema, ingawa roho inaniuma.

Kwao nyumba ni ya binti. Mtoto wa kiume ataoa akakae kwa mkewe. Binti ndiye ajengewaye. Baba yake, Mzee Ubeid, alipandisha ghorofa kwa ajili ya Swaleha, mwanawe wa kwanza, alipochumbiwa. Swaleha mwenyewe alisimama juu ya boriti akimwelekeza fundi: dirisha hapa, nitazame mto unapoingia baharini. Chokaa haijakauka vizuri, mchumba akavunja ahadi. Mwaka uliofuata akaolewa mdogo wake, Mwanaarusi, na mzee akampa ghorofa ile ile, pamoja na dirisha lake. Angefanya nini? Lakini lo, kumpandisha bibi harusi kwa ngazi inayoanzia mlangoni kwa dada yake!

Swaleha alivumilia mpaka mzee alipofariki. Arobaini ilipokwisha tu, akamwita Kuno, fundi wa Kipokomo, mtu mkimya.

"Nizibie ngazi hii."

"Da Swaleha, na mdogo wako atapita wapi?"

"Ana mume. Amjengee."

Kuno akaziba pale chini kwa mawe na chokaa. Juu ukatobolewa mlango, na ngazi ya mbao ikawekwa nje, upande wa uchochoro wa nyuma. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tano.

Miaka ishirini na miwili, jamani! Walipeana mikono matangani na harusini, macho pembeni. Mume wa Mwanaarusi akafa, binti yake wa pekee, Sadia, akaolewa Garsen. Wakabaki wanawake wawili, mmoja juu, mmoja chini. Na usidhani Swaleha hakumpenda mdogo wake. Nyayo zake alizijua zote: sasa anatawadha, sasa anatafuta miwani, sasa goti linamsumbua. Siku asipozisikia, chakula hakimpiti. Alitaka waseme, alitaka sana, kabla mmoja hajatangulia. Ila alikuwa na sharti lake moja: aanze mwenzake. Na huko juu, bila shaka, sharti lilikuwa lilo hilo. Watoto wa tumbo moja, ukaidi mmoja.

Ikaja ile mvua ya mwisho wa tisini na saba, ambayo hata watoto waliiita El Nino. Mto Tana ukavunja kingo, Garsen ikakatika, barabara zikawa maji. Sadia, aliyekuwa akija kila mwezi kumtazama mamake, hakuweza kuja tena. Mbu wakazidi, homa ikaingia nyumba baada ya nyumba. Mwezi wa Ramadhani ukaandama humo humo.

Siku ya kumi ya mfungo, baada ya alasiri, mvua inamwagika, Swaleha alikuwa amejilaza, kinywa kikavu na kichwa kinamwanga. Juu yake kukaanza: du, du, du. Mchi sakafuni.

"Anatwanga," akasema peke yake. "Mchele wa vitumbua, juu ya kichwa changu!"

Na Ramadhani, nani asiyetwanga baada ya alasiri? Du, du, du. Kukanyamaza, kukaanza tena, pale pale juu ya kitanda.

"Hebu mtazame! Makusudi haya."

Akainuka na hasira za swaumu, akashika ufagio wa mpini mrefu, akagonga boriti mara tatu kwa nguvu zake zote. Juu kukawa kimya. Swaleha akarudi kujilaza, na Mungu amsamehe, aliona raha kidogo.

Magharibi alifuturu kwa tende na maji, huku akisikiliza. Hakuna nyayo. Kanuna, akawaza. Alfajiri akasikiliza tena. Hakuna anayetawadha, hakuna goti. Kulipopambazuka hakuvaa hata viatu. Alizunguka uchochoroni, akaikuta ngazi ya mbao imelala topeni, imeoza kwa mvua, vipande vipande. Mlango wa juu ulikuwa wazi na chini yake hakuna pa kukanyaga.

"Mwanaarusi!" Tangu mwaka ule hajamwita kwa jina. "Mwanaarusi, mamangu, niitike!"

Akamkimbilia Kuno. Ngazi ndefu haikupatikana mtaani, ikabidi wauvunje ukuta wa ndani. Kuno naye alikwisha zeeka, kila akipiga mtaimbo akapumzika.

"Vunja," Swaleha alimhimiza. "Vunja, nyumba yote na ianguke!"

Jiwe la kwanza likatoka, la pili, la tatu. Kuno akachungulia, akarudi nyuma, akavua kofia.

"Da Swaleha, ngoja kwanza."

Hakungoja. Alimsukuma akatia kichwa mwenyewe.

Mwanaarusi alikuwa ameketi kwenye kidato cha chini kabisa, nyuma ya mawe yale, bega limeegemea ukuta. Amevaa buibui na viatu, kama mtu aliyeambiwa ajitayarishe, anakuja kuchukuliwa. Homa ilikuwa imemmaliza. Swaleha akaelewa papo hapo: mdogo wake alisikia akigongewa mara tatu, akajua dada kaitika, akajikokota kushuka kumngoja.

Walimwosha katika chumba cha ndani kabisa, ambamo wanawake wote wa nyumba ile walizaliwa na kuoshewa. Swaleha hakumwachia mtu kata ya maji. Alimwosha uso, alimwosha mikono, akirudia neno moja tu, "Nimechelewa, mamangu, nimechelewa."

Wiki tatu zilipita kabla Sadia hajapata mtumbwi wa kumvusha kutoka Garsen. Alifika matope magotini, akakuta mawe bado yamerundikwa chini ya ngazi. Akaketi karibu na mama yake mkubwa.

"Mama mkubwa, hakukuita? Hata mara moja?"

"Aliniita, mwanangu."

"Hukumsikia?"

"Nilimsikia."

Sadia akamkazia macho. "Sasa ukafanyaje?"

Swaleha akajifunika uso kwa mtandio.

"Nikamnyamazisha."