Mwalimu Wangu wa Misumari na Rangi

Kuna watu ambao wakikugombeza unafurahi. Mimi nilikuwa na mmoja, na nilimwacha kwa sababu ya fulana.

Si fulana tu, nisijidanganye. Duka kubwa la vifaa vya ujenzi lilipofunguliwa hapa Kisumu, mkabala kabisa na duka dogo nililokuwa nikifanyia kazi, lilitangaza nafasi zenye mshahara mzuri na likizo. Lakini nilichokitazama kila asubuhi ni zile fulana zao za kijani zenye kola. Sisi tulikuwa tukivaa makoti ya kaki yaliyorithiwa, saruji imeganda kwenye mishono, na nilikuwa nimechoka kuyafua.

Aliyenifunza kazi katika duka dogo alikuwa mzee mmoja aliyetoka Pap Onditi, mkuu wa kaunta. Mwenye duka tulimwona kwa nadra. Mzee ndiye aliyeajiri, na Mzee ndiye aliyefunza. Mafunzo yake hayakuwa na ratiba wala cheti. Yalikuwa na sheria moja: ukimuuzia mtu kitu kisichomfaa, unampelekea kinachofaa wewe mwenyewe, mpaka kwake, na unakaa naye mpaka ukione kikifanya kazi.

Mwezi wangu wa pili nilimuuzia mama mmoja wa Usenge, kando ya ziwa, waya wa kuku. Alisema anataka waya wa kutengenezea kichanja, nami kwa kujifanya mjuaji sikuuliza kichanja cha nini. Baada ya wiki alirudi ametulia kabisa, na utulivu huo ulinitisha kuliko kelele.

"Mzee, omena yangu yote imeanguka kwa mchanga," alisema. "Hii waya, mashimo yake inaweza pitisha hata mkono ya mtoto."

Mzee hakupandisha sauti. Alikata waya wa kahawa, ule wenye matundu madogo, akauviringisha na kunitwika begani.

"Nyathina," aliniambia, mwanangu kwa Kijaluo, "wewe ndio utapeleka. Na usirudi kabla hujaanika."

Nilikwenda. Nilipigilia waya ule kwenye kichanja asubuhi nzima, mama akinielekeza kwa kidole, kisha tukamwaga omena, dagaa wale wadogo wa ziwani, na kuzitandaza kwa viganja. Kwa harufu niliyorudi nayo, majirani zangu wa mtaa wa Migosi walinipisha kwenye ngazi kwa siku tatu. Kazini Mzee alinigombeza wiki nzima: ninavyoshika futi ya kupimia, ninavyofunga kamba, ninavyomjibu mteja nikitazama pembeni. Jioni alikuwa akinimegea chapati yake bila kuniangalia. Nilidhani ananionea. Sasa najua hakuna mtu kazini aliyewahi kunijali kiasi kile.

Nilipomwambia ninahama, alilichukua koti langu la kaki akalikunja vizuri.

"Enda tu," alisema. "Lakini huko watakufunza nini?"

Walinifunza kwa siku tatu, katika chumba chenye skrini na soda. Tabasamu. Msalimie mteja kabla hajakusalimia. Muelekeze safu. Mshauri aongeze kitu kimoja kwenye kikapu. Sikatai, ni mambo mazuri. Kwa kuwa nilijua bidhaa kuliko wenzangu, haukupita mwaka nikafanywa mkufunzi wa wafanyakazi wapya. Nilipopendekeza ile sheria ya Mzee na kusimulia safari yangu ya Usenge, meneja alicheka kwa upole. Tuna dawati la kurudishia bidhaa, alisema, na mfanyakazi akienda kuanika omena Usenge, nani atasimama safu ya saba?

Kupitia kioo nilikuwa nikimwona Mzee ng'ambo, akipima mnyororo au akimrudisha mtu nyumbani akapime upya dirisha lake. Barabara yenyewe ni ya hatua chache. Sikuivuka hata mara moja. Nilikuwa nikijiambia nitakwenda Ijumaa, na Ijumaa ikifika nilikuwa na fulana ya kijani mwilini, na aibu ilinishika.

Kisha watoto wa mwenye duka wakauza kiwanja, na duka dogo likafungwa. Wiki chache baadaye niliingia chumba cha mafunzo na orodha yangu mkononi, nikamkuta Mzee kwenye kiti cha mbele. Fulana yake ya kijani bado ilikuwa na mikunjo ya kiwandani. Alikuwa na daftari jipya.

"Habari ya asubuhi, Madam," alisema.

Siku ile nilifundisha kama mtu anayeungua. Alitabasamu nilipoagiza watu watabasamu. Alirudia maneno ya kumkaribisha mteja, neno kwa neno, pamoja na vijana wa kumwita babu. Kila niliposema jambo nilimtazama, nikingoja agune, atikise kichwa, aniambie nimeshika futi vibaya. Aliandika tu daftarini.

Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Meneja alikuwa ametoka. Nilisimama mbele ya mkebe wa rangi ya mafuta na nikasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba ikiwa nzito huongezwa maji. Uongo wa wazi, ambao Mzee angemfukuza mtu kaunta kwa ajili yake. Aliinua macho. Tulitazamana. Kisha akainama, akaandika.

Nililirekebisha kosa langu mbele ya wote, nikisema ni tapentaini, nimeteleza ulimi. Wakati wa mapumziko nilimfuata.

"Mzee, ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Nilijua," alisema. Alikuwa akizungumza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza. "Lakini hapa mimi ni mwanafunzi. Hii kazi naihitaji, Madam."

Nilitaka kumwambia kwamba nimemkosa, kwamba ningebadilisha cheo changu chote kwa asubuhi moja ya kugombezwa naye. Kengele ya kurudi darasani ikalia, naye akawa wa kwanza kuinuka.

Mchana huo alifaulu mtihani, alama zote. Vyeti nilivitoa mimi, nikiita majina. Zamu yake ilipofika alikuja mbele, akainamisha kichwa kidogo, akakipokea cheti kutoka kwangu kwa mikono miwili.