Sikio la Kushoto

Enzi zetu pale Morogoro, dawa ya ganzi ilikuwa punje mbili za mahindi. Ndiyo, nyie mnaocheka, mahindi. Shangazi Tatu, dada yake baba, aliweka punje moja mbele ya ndewe ya sikio na nyingine nyuma, akabana kwa vidole vyake vya kukuna nazi mpaka machozi yakakauka yenyewe. Hapo ndipo ulipoingia mwiba wa mlimao uliopitishwa motoni, na baada ya mwiba kijiti cha chelewa, tundu lisizibe. Wiki nzima tulinuka mafuta ya nazi na usaha, tukilala chali kama maiti. Ukilalamika, Shangazi alikukata kauli: "Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Alikuwa na sharti lake moja. "Ganzi ikishaingia, ukiitwa usiitike. Sikio lenye ganzi husikia wasiopaswa kusikika." Tulidhani ni kitisho tu cha kututuliza, kama kile cha kutokalia kinu.

Zamu yangu ilifika mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Nilikuwa na miaka minane. Ilikuwa saa nane mchana, jua limewaingiza watu wote ndani, hata kuku walikuwa kimya. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Shangazi, juu ya mkeka. Akabana sikio la kulia. Likachoma, likapwita, kisha nikaacha kabisa kulihisi.

Mara nikasikia kandambili zikiburutwa uani.

"Tunu! Tunu wee!"

Shuleni na mtaani wote waliniita Zuhura. Mama peke yake ndiye aliyeniita Tunu. Ilikuwa sauti ile ile ya kuniita nikale, ya haraka kidogo, ya mtu aliyeacha chungu motoni. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kuitika. Nikauma kanga ya Shangazi. Sauti ikaita mara ya pili. Mara ya tatu iliita taratibu, kama ya mtu anayeuliza. Kandambili zikarudi zilikotoka, na mwiba ukapita.

Shangazi aliokota punje zake, akamwaga maji kizingitini, akasema sikio la pili tutalifanya siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Hapa Doonside, ughaibuni, vijana wananisifia tundu langu moja, wanadhani ni fasheni.

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu Amina kutoboa pua. Lo, watoto wa siku hizi! Alikuwa ametazama video wiki tatu, amewaandikia wenye duka la kutobolea mara mbili kuuliza kama itauma, na bado alikuja na mpira wa kuminya. Akapakwa krimu ya ganzi, akabandikwa plastiki, tukaambiwa tusubiri dakika arobaini. Nilimtazama anavyochezea simu, nikajikuta namwambia dada wa dukani mwenye glavu: "And me, please. Left ear. With the cream."

Amina akashtuka. "Mum, seriously? Why now?"

Nilikaa, nikapakwa krimu, sikio likapoa polepole bila maumivu yoyote, mpaka nikawa silihisi tena. Nikasikiliza. Kulikuwa na kiyoyozi, treni ikiingia stesheni, muziki wa dukani. Nilingoja kandambili kwa dakika zote arobaini. Enzi zile tuliumia, tukaoza masikio, lakini kuna mtu alikuja kutuita. Siku hizi dawa ni safi, hakuna anayeumia, na uani hapiti mtu. Nawaonea wivu wenzangu waliotobolewa kwingine, ambao hawakuambiwa wanyamaze wakiitwa.

Yule dada aliwasha taa yake, nikajua muda umekwisha. Nikafumba macho, nikaitika kwa sauti, kama nilivyopaswa kuitika nikiwa na miaka minane.

"Abee, mama. Niko hapa."

Amina aliweka simu chini, akanishika mkono. "Mum, no one called you."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Najua."