Ng'ombe Hawahesabiwi

Siku hizi nafundisha mjini, kwenye joto, na kila nikijaza fomu ya mpango binafsi wa elimu naikumbuka Mogitu, kijiji cha baridi nilikoanzia kazi. Naukumbuka ukungu wa asubuhi, masweta mawili niliyovaa kwa pamoja, na chai ya maziwa ambayo wazazi wa wanafunzi walinilazimisha niimalize kabla ya neno lolote. Fomu yenyewe ni karatasi mbili tu. Unaandika mtoto anaweza nini, hawezi nini, afundishwe nini muhula huu na nyumbani wamsaidieje. Kila mtoto wa kitengo cha elimu maalumu ana yake, kwa sababu hakuna wawili wanaokwama mahali pamoja.

Nilikuwa mgeni, nimepangiwa kazi kutoka Morogoro, na nilijiona najua sana. Katika wanafunzi wangu alikuwepo binti wa miaka kumi, mzito wa kuongea na mzito zaidi wa namba. Baba yake, mkulima wa maneno machache, aliniambia waziwazi kwamba anampa mwaka mmoja. Ukiisha kabla binti hajahesabu mpaka ishirini, atarudi nyumbani akachunge.

Nikaandika kwa mbwembwe: kila jioni mtoto ahesabu ng'ombe wanapoingia zizini. Chuoni si tulifundishwa kutumia vitu vya kwao? Nikawasomea wazazi mbele ya walimu wenzangu. Baba aliitazama fomu kwa muda, akatia sahihi. Mama aliangalia sakafu. Nikadhani wameridhika.

Muhula wa kwanza ukapita, mtoto yuko palepale. Nikimuuliza mama kama wanafanya mazoezi, anajibu kwamba wanajaribu. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Niliwasema ofisini kwamba ni wazazi wasiojali, kisha nikapanda bodaboda mpaka kwao nikawaonyeshe kazi inavyofanywa.

Nilifika ng'ombe wakirudi. Nikasimama na binti mlangoni pa zizi, nikanyoosha kidole na kuanza kwa sauti ya darasani: mmoja, wawili, watatu. Mama akaja haraka, akaushika mkono wangu na kuushusha. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyetukanwa kwake.

"Mwalimu, sisi hapa mifugo hatuihesabu," baba alisema taratibu. "Ukiihesabu unaipunguza."

Nilimuuliza kwa nini basi alitia sahihi. Akasema mwalimu hakataliwi mbele ya watu. Kuuliza si ujinga, nawaambia watoto kila siku, na mimi sikuwa nimeuliza chochote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikauliza hapohapo: wanajuaje kama ng'ombe wametimia? Baba akanionyesha binti yake kwa kidevu. Muda wote huo binti alikuwa akiwatazama ng'ombe wakipita, midomo ikichezacheza.

"Mwekundu wa pembe fupi hayupo," akasema.

Na kweli hakuwepo. Kaka yake alimkuta bondeni. Mimi, kwenye sehemu ya mambo anayoyaweza, nilikuwa nimeandika kwamba anaweza kuvaa sare mwenyewe.

Tukakaa jikoni, nikaifuta ile kazi ya ng'ombe, mama akaleta maharage kwenye ungo. Maharage hayana mwiko. Nikapanga la njano, jekundu, la madoa, nikaficha moja, naye akataja lililokosekana bila kufikiri. Kutoka kwenye kujua lipi halipo, wiki kwa wiki, tukasogea mpaka kwenye kujua yamebaki mangapi. Jioni zile za moshi na makande ndizo ninazozililia zaidi katika miaka yangu yote ya ualimu.

Siku ya tathmini ya mwisho wa mwaka baba alikuja amevaa koti lake la kanisani. Binti akapanga maharage mezani, akahesabu mpaka kumi na mbili, akakwama. Nikamsubiri. Akarudia, akaishia palepale. Nikaandika kumi na mbili, maana uongo ungemsaidia nani, nikamsogezea baba fomu.

Akatia sahihi polepole. Hakunirudishia kalamu.

"Mwaka ujao," akauliza, "tunaandika nini?"

Nilimwomba anisubiri kidogo, nikatoka nje kulia.